Mgodi Ukiisha, Kinabaki Nini?

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kama yalivyosomwa, kwa ajili ya wasomaji walioyakosa.)



Msikilizaji mmoja wa Tandika ameniandikia barua fupi. Anasema amesikia mara mbili nikitaja, kwa kupitia tu, kwamba niliwahi kufanya kazi kaskazini ya mbali kwenye barafu. Anauliza: "Mzee, mtu aliyezaliwa Tanga na kusomea mawe, alikwenda kutafuta nini kule? Mawe ya kwetu yamekwisha?"

Swali zuri, na leo nitamjibu. Ila namwomba avumilie, maana jibu lake linaanzia kwenye barafu na kuishia kusini mwa Tanzania, kwa bibi mmoja ambaye aliniuliza swali nikashindwa kulijibu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa kijana katika kikosi cha utafiti wa makaa ya mawe kwenye bonde la mto Ruhuhu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu na kuandika. Mtambo ukitoboa ardhi, unatoa vipande virefu vya mwamba, mviringo kama miwa. Mimi navipanga kwenye masanduku kwa mfuatano, naandika: mchanga mita kadhaa, udongo mweusi mita kadhaa, makaa mita kadhaa. Ni kazi ya subira, na niliipenda. Baadaye nikapata nafasi ya kusoma zaidi nchini Norwei, na huko mwalimu wetu akatuambia kwamba kama tunataka kuyajua makaa ya mawe, twende tukayaone mahali ambapo hakuna mti wala nyasi ndefu wala udongo wa kuyaficha. Mwezi Julai 1997 akatuchukua, tukapanda ndege kwenda Svalbard.

Svalbard ni visiwa. Ukichukua ramani ya dunia, tafuta Norwei, kisha panda juu, vuka bahari kwa mamia ya kilometa. Hapo ndipo vilipo, na kutoka hapo hadi ncha ya kaskazini ya dunia zimebaki kilometa 1,300 hivi. Ukubwa wa visiwa vyote pamoja haupishani sana na ule wa mkoa wetu wa Ruvuma, lakini zaidi ya nusu ya nchi imefunikwa na barafu mwaka mzima. Mji mkubwa unaitwa Longyearbyen, na wakazi wake ni kama 2,500 tu. Jina lenyewe limetoka kwa Mmarekani mmoja, John Munro Longyear, ambaye kampuni yake ilianza kuchimba makaa pale mwaka 1906.

Tuliposhuka kwenye ndege ilikuwa karibu saa nane za usiku, na jua lilikuwa linawaka kama saa kumi za alasiri kwetu. Kule, kuanzia karibu tarehe 20 Aprili hadi baada ya tarehe 20 Agosti, jua halituwi. Linazunguka tu juani kwake kama ng'ombe aliyefungwa kambani. Na kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari halichomozi kabisa. Hata likirudi, milima inaukinga mji, hivyo watu husubiri hadi wiki ya tarehe 8 Machi, ndipo watoto na wazee wanakusanyika kwenye ngazi za hospitali ya zamani kulipokea jua kwa shangwe.

Nilimwandikia mama habari hizi. Barua yake ilipofika haikuuliza habari ya dubu wala baridi. Iliuliza: "Mwanangu, jua lisipotua, mnasali Magharibi saa ngapi? Na mkifunga, mnafuturu lini?" Nikaona aibu, maana mimi msomi sikuwa nimelifikiria jambo hilo sawasawa. Shekhe mmoja wa Tanga ndiye aliyenipa jibu kupitia kwa mama: mahali pasipo na usiku na mchana wa kawaida, mtu hukadiria kwa saa za mji wa karibu wenye usiku na mchana. Basi nikafuata hivyo. Nikawa nasali Isha jua likinipiga usoni.

Jambo la pili la kuzoea lilikuwa macho. Kwetu, macho hupima umbali kwa miti, kwa nyumba, kwa vumbi la gari linalokuja. Kule hakuna mti. Upo mmea wa jamii ya miti, lakini unatambaa ardhini na haufiki hata urefu wa kidole. Hewa ni safi mno, haina vumbi wala moshi. Kwa hiyo unauona mlima, unasema, "Ah, ule hapo, saa moja tu nimefika." Unatembea asubuhi yote na mlima uko pale pale unakutazama. Siku ya kwanza nilibeba mkate mmoja na chupa ya chai kwa safari niliyodhani ya saa mbili. Tulirudi baada ya saa kumi na moja, na kama si mwenzangu kunigawia chakula chake ningerudi nikitambaa.

Jambo la tatu ni dubu mweupe. Nje ya mji huruhusiwi kutoka bila njia ya kumfukuza dubu, na watu karibu wote hutembea na bunduki. Pembeni mwa barabara ya kutoka mjini kuna kibao chenye picha ya dubu, na chini yake maneno machache ya kusema kwamba onyo hilo ni la Svalbard nzima. Mkipiga kambi, mnazungusha waya kwenye hema zenu. Dubu akiugusa, fataki inalipuka. Juu ya hayo, mnapeana zamu ya kukesha.

Zamu yangu ya kwanza ilikuwa saa tisa za usiku. Wenzangu saba wamelala, nami nimekaa juu ya sanduku la vyombo, darubini mkononi, bunduki magotini. Nikaona kitu cheupe mlimani. Nikatazama tena, naona kimesogea. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, kwa maana Kiingereza na Kinorwei vyote vilinitoka. Watu wakatoka na nguo za ndani, kila mmoja na bunduki au sufuria. Mwalimu akachukua darubini, akatazama muda mrefu, kisha akanipa mkono kwa heshima zote. Kilikuwa ni kipande cha theluji ya mwaka jana kilichobaki kwenye ufa wa mwamba, na wingu lilikuwa linapita juu yake. Tangu siku hiyo hadi kambi inavunjwa, kila theluji ilipoonekana waliita jina langu.

Ndugu wasikilizaji, sasa niwaeleze mawe, maana ndiyo yaliyonipeleka.

Mahali paitwapo Festningen, kwenye mdomo wa ghuba kubwa ya magharibi, matabaka ya mwamba ambayo kwa kawaida hulala kama mikeka iliyopangwa moja juu ya nyingine, pale yamesukumwa yakasimama wima. Yamesimama kama vitabu kwenye rafu. Mtu anatembea ufukweni, na kila hatua anaacha kitabu kimoja anaingia kingine. Kwa mwendo wa kilometa kama saba unapita katika historia ya mamilioni kwa mamilioni ya miaka. Unaanza na bahari ya joto yenye makombe, unapita kwenye tope la kina kirefu, unafika kwenye mchanga wa ufukwe, unamaliza kwenye makaa ya mawe. Mwaka 1960 wataalamu waliofika hapo walikuta nyayo za dinosaria kwenye ukuta wa mwamba. Nilipooneshwa nikakumbuka Tendaguru kule Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya wanyama kama hao kati ya 1909 na 1913, wakaipeleka Berlin, na iko huko hadi leo.

Kaskazini zaidi kuna milima myekundu. Myekundu kabisa, kama udongo wa Korogwe baada ya mvua. Nilisimama nikaitazama na barafu imeizunguka, nikahisi mtu amekosea kupanga nchi. Lakini hapakuwa na kosa. Wekundu ule ni kutu ya chuma iliyo kwenye mchanga ulioletwa na mito, nchi hiyo ilipokuwa kwenye joto. Svalbard haikuwa daima pale ilipo. Mabara yanasogea, kwa sentimeta chache tu kila mwaka, kama kucha zinavyokua. Lakini mpe mtu asiyechoka miaka milioni mia kadhaa, utashangaa atakapofika. Mwaka 2015 wanasayansi walitangaza kwamba kwenye visiwa hivyo hivyo wamekuta mashina ya msitu wa kale, wenye umri wa miaka milioni 380 hivi, yakiwa bado yamesimama mahali yalipoota. Na wakati msitu ule unaota, Svalbard ilikuwa karibu na Ikweta. Yaani ilikuwa karibu na mstari huu unaopita Nanyuki na karibu na Kisumu leo.

Makaa ya Longyearbyen yenyewe ni ya baadaye sana, kama miaka milioni 60 hivi iliyopita. Wakati huo nchi ilikwisha kufika kaskazini, lakini dunia nzima ilikuwa na joto kuliko sasa, na pale palikuwa na misitu ya miti yenye majani mapana. Juu ya mji kuna mto wa barafu, na mbele yake barafu imerundika mawe. Ukipasua mawe hayo kwa nyundo, unakuta majani. Jani zima, na mishipa yake yote, pana kama kiganja. Moja ninalo mezani kwangu hapa Dar es Salaam. Wajukuu hunishikia wakidhani mtu alilichora.

Na sasa sikilizeni upande wetu. Makaa ya Ruhuhu ni ya zamani zaidi, yana zaidi ya miaka milioni 250. Chini ya matabaka yale ya makaa kuna mawe na tope ambavyo viliachwa na barafu. Ndiyo, barafu, Ruhuhu! Zama hizo nchi yetu ilikuwa imeungana na mabara ya kusini na iko mbali kusini, kwenye baridi. Makaa yetu yalianza kama vinamasi vya nchi iliyokuwa inatoka kwenye baridi, barafu ikiyeyuka na kurudi nyuma. Basi tulibadilishana viti. Wao walikuwa kwenye Ikweta, sisi tulikuwa kwenye barafu, na kila mmoja alihamia kwa mwendo wa kucha.

Nilipolielewa hilo nikiwa nimeketi juu ya mawe yale, ndipo nilipomkumbuka bibi.

Ilikuwa kwenye kijiji kimoja cha Ruhuhu. Mtambo wetu ulikuwa umesimama karibu na shamba lake la mihogo. Kila asubuhi nikipita, "Shikamoo, bibi," naye, "Marahaba, mjukuu wangu, mmelipata?" Siku tulipolifikia tabaka nene nilimletea kipande mkononi aone. Akakigeuza, akakinusa, akafuta vidole kwenye kanga. Akasema: "Sasa mjukuu wangu, jiwe hili mkishalichukua lote, nami mtaniachia nini? Shimo?"

Nikacheka. Nikamwambia tani zilizoko, nikamwambia umeme, viwanda, barabara. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu. Kisha akarudia: "Nimesikia. Nauliza likiisha." Sikuwa na jibu. Katika masanduku yangu yote na madaftari yangu yote hapakuwa na ukurasa wa "likiisha". Nikamwaga, nikaondoka.

Longyearbyen ilikuwa ni mahali pa kwanza nilipoishi na watu ambao swali la bibi lilikuwa linawagonga mlangoni. Mji ule makaa ndiyo yaliyouzaa. Hadi leo ukiingia katika nyumba nyingi, hata hoteli na ofisi, unavua viatu mlangoni. Nilidhani ni ustaarabu kama wetu wa msikitini. Nikaambiwa la, ni desturi iliyobaki tangu wachimbaji walipokuwa wakirudi na vumbi jeusi miguuni. Juu ya mji zimesimama nguzo za mbao ambazo zilikuwa zikibeba nyaya za kushushia ndoo za makaa kutoka mlimani hadi bandarini. Nyumba zimejengwa juu ya nguzo, maana ardhi chini imeganda mwaka mzima, na ukiipasha joto inayeyuka, nyumba inapinda.

Makaa yale yalikuwa na bei, na bei yenyewe haikuwa ya fedha tu. Kwenye kijiji kingine cha kaskazini, Ny-Ålesund, tarehe 5 Novemba 1962 mgodi ulilipuka, wakafa wachimbaji 21. Haikuwa ajali ya kwanza pale. Uchunguzi ulipofanywa, Bunge la Norwei likahoji serikali kuhusu usalama wa mgodi ule, uliokuwa mali ya dola. Agosti 1963 Bunge likapiga kura ya kutokuwa na imani, na serikali ya Waziri Mkuu Einar Gerhardsen ikaanguka. Alirudi madarakani baada ya wiki chache, hilo ni kweli. Lakini serikali ilianguka kwa ajili ya wachimbaji 21 waliokufa mbali kabisa, kwenye kisiwa ambacho wapiga kura wengi hawajakiona. Uchimbaji ukakomeshwa, na kijiji kile leo ni kituo cha wanasayansi wa nchi mbalimbali.

Na mwaka mmoja kabla sijafika, Agosti 1996, ndege iliyokuwa ikileta wachimbaji wa makaa na jamaa zao kwenda Barentsburg, mji wa Warusi katika visiwa hivyo hivyo, iligonga mlima karibu na Longyearbyen. Walikufa wote 141. Nilipofika bado watu waliutazama mlima ule wakinyamaza.

Mzee tuliyepanga kwake vyumba alikuwa mchimbaji. Alifanya kazi ndani ya mlima zaidi ya miaka ishirini, na mwanawe naye alikuwa mgodini. Siku moja nikamtafsiria swali la bibi. Akakaa kimya, akajaza kiko chake, kisha akaniambia kwamba bibi yako ana akili kuliko kampuni nyingi. Akasema wao pale hawamiliki hata makaburi, kwa maana makaburi ya mji yamefungwa miaka mingi. Ardhi iliyoganda haiozeshi maiti. Mtu akizeeka au akiugua sana hurudi bara. Akaniambia: "Sisi sote hapa ni wageni wa mgodi. Mgodi ukiondoka, tutaona kama kuna mwenyeji mwingine wa kutukaribisha."

Nilirudi tena pale Agosti 2024, baada ya miaka 27, nimealikwa na wanafunzi wa zamani tuliokuwa pamoja. Yule mzee amekwisha kufariki, bara. Nilipanda hadi pale nilipookota lile jani. Ukingo wa barafu nilioukumbuka haukuwapo. Nilitembea juu ya mawe matupu muda mrefu kabla ya kuukuta, umerudi nyuma na kukonda. Kule joto linapanda haraka kuliko sehemu nyingi za dunia. Julai 2020 walipima nyuzi 21.7 katika uwanja wa ndege, jambo ambalo halikuwahi kuandikwa kabla. Hatuna haja ya kwenda mbali kuliamini hilo. Kilimanjaro yetu, tangu ilipopimwa 1912 hadi 2000, ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Na moja ya sababu za joto hili la dunia ni moshi wa makaa yale yale niliyojifunza kuyatafuta. Sisemi hivi kujitakasa. Nilikula mshahara wake.

Na mgodi je? Mji uliacha kuwasha umeme kwa makaa Oktoba 2023. Mgodi mkubwa wa Svea, kilometa kadhaa kusini, ulikwisha kuamuliwa ufungwe 2017. Kilichofuata huko ndicho kilichonivutia. Sheria yao ya mazingira ya Svalbard, iliyopitishwa 2001, inamtaka anayeivuruga ardhi aisafishe. Basi walikwenda Svea wakabomoa majengo, wakafukua barabara, wakaziba midomo ya mgodi, wakaurudishia mteremko umbo lake kadiri walivyoweza. Vitu vya kabla ya 1946 waliviacha, maana sheria hiyo hiyo inavihesabu kuwa kumbukumbu. Na tarehe 30 Juni 2025 mgodi wa mwisho wa Wanorwei visiwani humo, ule uitwao Mgodi Namba 7, ukafungwa. Miaka zaidi ya mia moja ikaisha. Mwana wa yule mzee aliniandikia kwamba siku ile alivua viatu mlangoni kama kawaida, akavitazama, vilikuwa safi.

Lakini mji haukufa. Tangu 1993 wana chuo kikuu kidogo, wana watalii, wana watafiti. Wanalalamika, ndiyo. Kodi za nyumba zimepanda, vijana wa zamani wa mgodi wanasema mji umekuwa wa wageni wa wiki moja. Lakini kuna taa madirishani. Sababu yake ni kwamba maandalizi yalianza miaka thelathini kabla ya mgodi kufungwa, wakati makaa bado yalikuwa yanatoka.

Najua mtu atasema: Mzee, hao ni Wanorwei, wana mafuta, wana hazina. Kweli kabisa. Hatuwezi kusafisha kila shimo kwa fedha ya Norwei. Lakini kuuliza swali mapema hakuhitaji fedha ya mafuta. Yule bibi aliliuliza akiwa na shamba la mihogo.

Hapa kwetu tunayo mifano ya kutosha kujifunzia. Kiwira walianza kuchimba makaa 1988. Ngaka walianza 2011. Golden Pride kule Nzega, wa kwanza katika migodi yetu mikubwa ya kisasa ya dhahabu, ulifunguliwa, ukachimbwa, ukafungwa, yote katika miaka kama 15 tu. Mtoto aliyezaliwa siku unafunguliwa hakuwa hata amemaliza shule ya sekondari. Buzwagi ya Kahama ilimaliza uzalishaji 2021, na eneo lake likatengwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi, ili viwanda vichukue nafasi ya mgodi. Hilo ni jaribio ambalo mimi binafsi nalifuatilia kwa matumaini. Sheria yetu ya Madini ya 2010 nayo inamtaka mwenye mgodi aweke dhamana ya kuirekebisha ardhi. Kwa hiyo maneno yapo kwenye karatasi. Kazi iliyobaki ni ya watu kuyauliza kwa sauti.

Na ninawaambia ninyi mnaoishi mijini, mnaonunua gazeti asubuhi na kusikiliza redio jioni, kwa sababu mikataba husainiwa mijini, na mashimo hubaki vijijini. Tukisoma habari ya mgodi mpya, macho yetu hukimbilia tani na mabilioni. Nami nilikuwa hivyo hivyo, masanduku yangu ni mashahidi. Mara nyingine tukisoma, tutafute pia ukurasa wa "likiisha". Maji ya kijiji yatakuwaje? Vijana wanaofundishwa kuendesha mitambo, watafanya nini na ujuzi huo baada ya mitambo kuondoka? Dhamana ya kusafisha iko kwa nani, na ni kiasi gani? Na je, wenye shamba la mihogo wameambiwa?

Mwaka 2003 nilipata safari ya kwenda Songea, nikajitahidi kufika kile kijiji. Bibi alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Mjukuu wake wa kweli, mwanamke mtu mzima, alinipokea vizuri, akanipikia. Nilimweleza sababu ya kuja kwangu. Nikamweleza habari ya Ny-Ålesund na yule mzee wa kiko. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kama bibi yake, kisha akaniuliza: "Basi sasa, babu, jibu mmelileta?"

Nikamwambia sijalileta lote. Nimeleta nusu: kwamba iko nchi moja, mbali sana, ambako serikali iliulizwa ikaanguka. Akasema nusu si haba, akaniongezea mboga.

Ndugu yangu wa Tandika, hilo ndilo nililokwenda kutafuta kule kwenye barafu, ingawa nilipokuwa napanda ndege sikulijua. Mawe ya kwetu hayajaisha. Ndiyo maana naliuliza swali hili sasa.

Panapo majaaliwa, tutakutana wiki ijayo saa kama hii. Nawatakieni wiki njema. Kwaherini.